Taa Mbele ya Pahali Patupu

Kabla hakujapambazuka, birika la kahawa lilianza kukoroma jikoni. Sajini Nieves Barrachina alilisikia akiwa bado ameshika soksi moja mkononi. Akajua kwamba Aurelio, mumewe, ameamka kabla yake na kushuka kwenye sakafu ile ya baridi bila viatu ili asimsumbue, wakati mgongo wake siku hizi haumruhusu hata kuokota gazeti.

"Nani kakwambia uamke?" alimuuliza alipoingia.

"Hakimu wako anakusubiri mchana. Huwezi kwenda kubishana na hakimu na tumbo tupu." Aurelio alimsogezea mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. "Kula. Halafu uniambie, yule kijana kamsukuma au hakumsukuma?"

"Kijiji kizima kinasema kamsukuma."

"Mimi sikuuliza kijiji."

Nieves aliuma mkate. Jumamosi mchana, katika kijiji cha Peñazul kule juu mlimani, Bi Eulogia Pascual alikutwa chini ya ngazi za ghala la nyumba yake, nyonga imevunjika na kichwa kimepasuka. Aliyekuwa amempakata ni mgeni, Wilmer Toaquiza, mzaliwa wa Ekwado, mtumishi wa nyumba ya wazee mjini. Alikuwa amekuja kijijini na wazee wake kwa matembezi ya siku moja. Shati lake lilikuwa limelowa damu. Ni yeye aliyepiga kelele za kuomba msaada, lakini gari la wagonjwa lilipofika juu, bibi alikuwa amekwisha kufa na majirani walikuwa wamekwisha kukubaliana: kaingia kuiba, kakutwa, kamsukuma.

Daktari alikataa kutaja saa aliyoanguka. Ghala lile ni baridi kama kisima, alisema, na majibu kamili yatachukua majuma. Hakimu hakuwa tayari kusubiri majuma. Leo mchana angeamua kama Wilmer aende rumande au aende nyumbani, na mtu wa aina yake akienda rumande hapotezi siku tu. Anapoteza kazi, na kazi ikienda, kibali cha kuishi nchini nacho kinakwenda.

Nieves alianzia mahabusu. Wilmer alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na blanketi lilikuwa bado limekunjwa vilevile kama lilivyotoka stoo.

"Umelala?"

"Kidogo, afande."

"Nieleze tena. Anzia mlangoni."

"Mlango ulikuwa umerudishwa tu, ufunguo uko nje kwenye kitasa. Nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu cha Don Anselmo, mmoja wa wazee wetu, na mlima ule si mchezo. Nikasimama kivulini nipumue. Ndipo nikasikia mtu."

"Ulisikia nini hasa?"

"Ile sauti wanayotoa wazee wetu wakiwa wamechoka kuita. Naisikia kila zamu ya usiku. Nikamwambia Don Anselmo anisubiri, nikaingia."

"Alizungumza?"

"Aliomba maji. Nikampa ya chupa yangu kwa kile kifuniko, kidogo kidogo, asipaliwe. Akamaliza chupa nzima. Nikamuuliza jina, maana tumefundishwa kuwauliza ili wasisinzie. Akasema Casilda. Nikamwambia, Bi Casilda, usilale, watu wanakuja. Akatikisa kichwa, akasema tena Casilda. Akalia. Basi, ikawa mwisho."

"Yeye aliitwa Eulogia."

"Askari wameniambia." Wilmer aliangalia mikono yake. "Walicheka. Walisema hata jina la niliyemuua silijui."

Nieves alifunga kalamu. Alipofika mlangoni, kijana alimwita.

"Afande, samahani. Don Anselmo nani anamvalisha? Uwaambie waanze na mkono wa kulia. Wa kushoto unamuuma naye hasemi, anaona haya."

"Nitawaambia," alisema Nieves, na aliwapigia simu nyumba ya wazee kabla hajawasha gari.

Njia ya kwenda Peñazul inapanda kwa kujizungusha. Basi la wageni lilikuwa limemtangulia, nao walikuwa tayari wameshuka, wanapiga picha milango ya watu. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza asali chini ya lango la kale walinyamaza alipopita, na alipowapa kisogo wakaendelea kuzungumza.

Baa ya Gaspar ilikuwa imejaa. Gaspar ni mpwa wa marehemu, mwanamume mnene mwenye taulo begani, na alimwona Sajini kabla hajavuka kizingiti.

"Karibu, Sajini. Umekuja kunikamata au kunywa kahawa?"

"Inategemea. Nyumba ya shangazi yako inakuja kwako?"

"Kwangu na kwa dada yangu, pamoja na paa lake bovu."

"Nimesikia kuna mtu wa mjini anaitaka aifanye hoteli."

"Mtu wa mjini anataka kila kitu humu, hata kengele ya kanisa. Shangazi alimfukuza kwa ufagio." Gaspar aliweka kikombe mbele yake kwa nguvu kidogo. "Ijumaa kutwa nilikuwa hapa nyuma ya kaunta mpaka kufunga. Jumamosi nilifungua alfajiri kupika kwa ajili ya mabasi. Waulize hawa walevi."

"Kweli alikuwepo," alisema mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. "Nilimwomba bia ya deni akaninyima mara nne. Ningekumbuka kama angetoka."

Watu wakacheka. Wengine watatu walisema hivyohivyo, kila mmoja kwa malalamiko yake. Nieves alikuwa amekaa saa nyingi usiku akimfikiria Gaspar. Sasa aliacha kumshuku.

"Na isitoshe," Gaspar aliongeza, sasa kwa sauti ya chini, "Ijumaa jioni shangazi alikuwa mzima. Bikira alitoka."

Hilo ndilo walilokuwa wameliapia wote, na ndilo lililokuwa limemfunga Wilmer. Peñazul wana kisanduku cha mbao chenye milango miwili midogo, na ndani yake sanamu ya Bikira Maria. Hulala kila nyumba usiku mmoja. Kengele ya jioni ikilia, mwenye nyumba humfikisha kwa jirani anayefuata, na zamu haijapata kurukwa tangu enzi za mababu. Alhamisi Bikira alilala kwa Eulogia. Ijumaa jioni alikuwa kwa Casilda, nyumba ya pili. Kwa hiyo Ijumaa jioni Eulogia alikuwa na miguu mizima na kichwa kizima, na lolote lililompata lilimpata Jumamosi, siku ya wageni.

"Nani alimwona akimpeleka?" Nieves aliuliza.

"Kumwona kwa nini? Bikira hana miguu, Sajini. Kama alikuwa kwa Casilda, kapelekwa."

Walicheka tena, na Nieves akatabasamu nao, akalipa, akatoka.

Mlangoni kwa Eulogia alisimama Konstebo Olmos, upepo unampiga usoni, mikononi ameshika bakuli la supu lenye mvuke.

"Wamekufungulia hoteli?"

"Ni Bi Pura wa nyumba ya tatu, Sajini. Kila asubuhi. Anasema hata askari ana mama yake."

"Kunywa, kabla haijapoa. Nitaingia peke yangu."

Ghala alikuwa amekwisha kulikagua Jumamosi: ngazi za mawe zilizolika katikati, kikapu kimepinduka, matufaha yametawanyika. Leo hakushuka. Alisimama sebuleni, mahali ambapo wenzake walikuwa wamepita tu wakienda ghalani, akaangalia kitu kimoja baada ya kingine kama mtu aliyealikwa kukaa.

Kulikuwa na meza ya droo ukutani. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kimenyooshwa vizuri. Katikati ya kitambaa palikuwa patupu. Mbele ya pale patupu palikuwa na glasi ya taa, ile ndogo ya utambi unaoelea juu ya mafuta. Nieves aliinua glasi. Mafuta yalikuwa yameisha kabisa, utambi umeungua hadi umegeuka majivu, na masizi yamepanda mpaka ukingoni. Kando ya kitambaa, kwenye msumari, ulining'inia utepe wa buluu.

Alisimama na glasi mkononi kwa muda, kisha akairudisha taratibu mahali pake. Akamwita Olmos apige picha meza yote na asiruhusu mtu kuigusa.

Bi Pura alikuwa jikoni akikaanga makombo ya mkate na vitunguu saumu, mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, aproni imefungwa juu ya aproni nyingine.

"Kaa, mwanangu. Kula kidogo. Umekonda tangu Jumamosi."

"Asante, mama. Niambie kuhusu Bikira. Jumamosi jioni ulimpokea wewe?"

"Mimi. Polisi wamejaa njiani, Eulogia hata hajafungwa sanda, lakini zamu ni zamu. Casilda kaniletea."

"Mama yangu naye alikuwa akimpokea, kijijini kwetu. Nikumbushe, akiondoka mnafanya nini?"

Pura alimwangalia kama mtu aliyeulizwa namna ya kunawa uso. "Unazima taa kwa vidole. Taa haiwaki mbele ya pahali patupu, ni mkosi. Unakunja kitambaa, unakibusu, unakirudisha kwenye droo. Unafunga milango yake kwa utepe, maana upepo wa mlima huu utaifungua na sanamu ianguke. Halafu ndipo unatoka."

"Eulogia aliyafanya yote hayo?"

"Eulogia?" Pura alicheka kidogo, kisha akajifuta jicho kwa pembe ya aproni. "Yule hata paka alimfunga utepe. Mwaka jana nilimwona akirudi ndani na kisanduku kwa sababu fundo halikumridhisha."

"Jumamosi Casilda alipokuletea, kisanduku kilikuwa kimefungwa kwa utepe gani?"

Mwiko ulisimama kwenye kikaango. "Kwa kamba ya jikoni. Nikamwambia, Casilda, huu ni utovu wa adabu. Akasema Eulogia kamletea hivyohivyo, bila utepe. Nikadhani mzee wa watu ameanza kusahau." Alizima jiko. "Nikamlaumu maiti, Mungu anisamehe."

"Hao wawili walikuwa wanapelekeana vipi? Nasikia hawasemezani."

"Eulogia aliweka kisanduku mlangoni, akagonga, akaondoka. Casilda alisubiri nyayo ziishe ndipo afungue. Hivyo tangu mume wa Casilda alipofariki. Watoto waliozaliwa siku zile sasa wana mvi."

"Sababu?"

"Muulize mwenyewe," alisema Pura. Alifunga makombo yale kwenye karatasi na kuyatia katika mfuko wa koti la Nieves bila kumuuliza.

Casilda Hernaiz alifungua mlango kabla hajagongewa. Alikuwa mrefu, amenyooka, amevaa nyeusi kutoka shingoni hadi kwenye viatu. Nyumba yake ilikuwa safi na baridi. Jiko la kuni halikuwa limewashwa. Palikuwa na kiti kimoja tu mezani, na kingine kilichoegeshwa ukutani, na hicho ndicho Nieves alichokivuta.

"Nimekwisha kumwambia askari wako kila kitu," Casilda alisema.

"Niambie na mimi, Bi Casilda. Ijumaa jioni."

"Kengele ililia. Eulogia akagonga. Nikasubiri aende. Nikafungua, nikamchukua Bikira, nikafunga."

"Alikuwa amefungwa kwa utepe?"

"Hapana."

"Utepe uko kwenye msumari, nyumbani kwake. Wa buluu."

"Basi alisahau. Uzee."

"Na kitambaa hakukikunja. Na taa hakuizima. Iliwaka mpaka mafuta yakaisha, mbele ya meza tupu. Yote matatu aliyasahau jioni moja?"

Casilda aliutazama ukuta. Upande wake wa pili ndiko lilikokuwa ghala la Eulogia.

"Aliyeichukua ile sanamu aliogopa kuacha zamu irukwe," Nieves alisema, "lakini taa haikuwa yake, hakuigusa. Na alitoka haraka. Yule kijana alimuuliza bibi jina lake, mama. Bibi akataja lako. Alilitaja mara mbili. Kwa nini atumie pumzi yake ya mwisho kwa jina lako?"

"Kijana gani?"

"Aliyempa maji."

Yule mama alishusha macho. Nieves hakutoa kalamu. Wageni walipita njiani chini ya dirisha, mmoja wao akisifu maua.

"Mwaka ule wa theluji kubwa," Casilda alianza, "Hilario wangu alishikwa na kifua. Gari kijijini lilikuwa moja, la mume wa Eulogia. Niligonga mlango ule ule. Alinifungulia Eulogia mwenyewe. Akaniambia, gari limeharibika. Hilario akafa kabla hakujakucha. Kulipokucha gari likapita hapa, mbele ya dirisha hili, limepakia nguruwe wanakwenda mnadani."

"Aliwahi kukuomba radhi?"

"Alinitumia mkate. Nikawapa kuku."

"Na Ijumaa?"

"Kengele ikalia, sikusikia hodi. Nikasubiri. Nikasema, hata hili sasa ataninyima. Nikaenda. Ufunguo uko nje. Bikira yuko pale mezani na taa yake. Ndipo akaniita kutoka chini. Casilda. Miaka yote ile hajalitamka jina langu, na nyayo zangu alizijua. Casilda, nimevunjika, kaniitie mtu." Alikuwa akizungumza kwa sauti ileile, kama anayesoma matangazo ya kanisa. "Nilisimama juu ya ngazi. Nikamwona. Nikamwambia, gari limeharibika."

"Kisha?"

"Nikamchukua Bikira. Zamu ilikuwa yangu."

"Ukuta huu ni mmoja, Bi Casilda. Usiku alikuwa akiita?"

"Nilisali kwa sauti."

Nieves alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa kavu. "Asubuhi hukwenda kuangalia?"

"Nilijua Jumamosi watu wanapita. Wageni. Nikasema mtu atasikia."

"Mtu alisikia. Yuko mahabusu tangu juzi, na wewe uliapa mbele ya askari kwa jina la Bikira."

"Si mtu wa hapa yule."

"Hapana. Wa hapa alikuwa nyuma ya ukuta."

Mkono wa Casilda ulipapasa meza, kana kwamba kuna makombo ya kufagia, na hayakuwepo.

Nieves alitoka mlangoni, akasimama kwenye upepo, akampigia karani wa hakimu. Alieleza taa, kitambaa, utepe, kamba ya jikoni, na maneno aliyoyasikia sasa hivi. Karani alimtaka asubiri. Baadaye hakimu mwenyewe alishika simu, akauliza maswali mawili, la pili likiwa kama mama yule yuko tayari kurudia maneno hayo mbele ya wakili. Nieves alichungulia ndani. Casilda alitikisa kichwa kukubali bila kugeuka.

"Mwachieni kijana," hakimu alisema.

Mchana ulikuwa bado haujafika. Nieves alimpigia Aurelio na kumwambia kijana hakumsukuma. Aurelio akauliza kama amekula.

Njiani, habari ilikuwa imekwisha kumpita. Wale wauza asali walikuwa wamesimama karibu na mlango wa Eulogia, na Gaspar ametoka na taulo lake begani. Hakuna aliyemuuliza kuhusu Wilmer. Mmoja alisema, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kwamba mambo ya kijiji yangemalizwa kijijini, na kwamba bibi wa miaka ile alikuwa wa kuanguka siku yoyote. Mwingine alisema mgeni naye alitafuta nini ndani ya nyumba ya watu. Nieves aliwaangalia mmoja mmoja hadi wakapata kazi ya kufanya. Ni Pura peke yake aliyemshika mkono.

"Huyo kijana," alisema, "ana mama?"

"Yuko mbali."

"Nipatie anwani yake. Nitamfulia shati lile. Damu haitoki kwa sabuni ya duka."

Nieves alirudi ndani kwa Casilda. Mama yule hakuwa ameondoka kitini, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi kwa baridi. Nieves hakumwambia neno. Alipiga magoti mbele ya jiko, akapanga vijiti na kuni mbili kubwa, akapuliza mpaka moto ukashika. Alipoinuka magoti yalimuuma, na hakujua kama alikuwa amefanya vizuri au vibaya.

"Usitoke kijijini," alisema. "Ataletwa wakili. Kuna maelezo ya kutia sahihi. Baada ya hapo hakimu ataamua."

"Nitoke niende wapi?"

"Konstebo atabaki mlangoni."

"Ni wewe utakayekuja na huyo wakili?"

"Atakuja mwenzangu."

Casilda aliuangalia moto, kisha kile kiti kilichovutwa kutoka ukutani, ambacho Nieves alikuwa amesahau kukirudisha.

"Njoo wewe," alisema. "Hata kama ni kunichukua. Njoo wewe, mwanangu, na ukae kidogo."